Moto wa Kuomba kwa Jirani

Shangazi yangu Josepha alihamia kijijini kwetu Usinge masika ya mwaka juzi, mjane mchangamfu anayeongea hata na kuku. Nyumba aliyopata ilikuwa hatua arobaini kutoka kwangu, na ilikuwa imekaa tupu miaka tisa. Nilimsaidia kufagia, tukacheka, tukala viazi. Sikumwambia nyumba ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Bibi Kabula. Alikuwa na macho mekundu, na kwetu macho mekundu ya kikongwe ni ushahidi tosha wa uchawi. Kwanza majirani walimnyima moto. Viberiti vipo, lakini asubuhi mtu huchukua kigae cha chungu akaenda kwa jirani kuomba makaa mawili matatu. Ndio ujirani wenyewe. Aliponyimwa akawa anapuliza kuni mbichi peke yake kila alfajiri, moshi ukimla macho. Yakazidi wekundu. Watu wakasema, mnaona? Wakamkata mapanga akiwa ameinama anapuliza. Hakuna aliyeshtakiwa, na wote tunawajua.

Siku ya tatu shangazi alinieleza kwa furaha kwamba amepata jirani. Bibi mmoja alikuwa amebisha hodi mlango wa jikoni kulipokucha, kajitanda kanga hadi usoni, akaomba moto. Shangazi akampa. Kesho yake akaja tena.

"Ana mikono ya baridi, maskini," alisema. "Na matope yote haya, sioni anapokanyaga."

Hata hapo sikumwambia nyumba ilikuwa ya nani.

Shangazi hakunyamaza. Alimuuliza jirani yetu Magreth, kisimani, yule bibi ni nani. Magreth akatua ndoo, akaondoka bila maji. Kufika jioni kijiji kizima kilijua kwamba Josepha anampa moto marehemu. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Salamu zikakatika. Kanisani akawa anakaa benchi zima peke yake.

Kila asubuhi makaa yake yote yaliondoka na yule mgeni. Yeye alibaki na kuni mbichi, akipuliza. Baada ya wiki tatu macho yake yakawa mekundu. Najua moshi ni moshi. Hata hivyo nilimwogopa.

"Kwa nini usimnyime?" nilimnong'oneza.

"Nikimnyima yeye, nibaki na nani?"

Jumamosi moja alfajiri alikuja kwangu na kigae. Mume wangu Emilian alikuwa nyuma yangu, akininong'oneza nisithubutu. Moto wangu ulikuwa unawaka, moshi ukipenya kwenye nyasi za paa juu ya vichwa vyetu.

"Shangazi, moto umezimika," nikasema.

Akautazama moshi. Akanitazama mimi.

"Haya, mwanangu. Asante."

Naona aibu kulisimulia hili, lakini ndivyo nilivyofanya.

Jumapili hakuja kanisani. Nikaenda kwake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Hakukuwa na damu, niliitafuta. Nguo zake zilikuwepo. Viatu vilikuwepo. Mafigani moto ulikuwa unawaka vizuri, bila moshi. Vigoda viwili vilikuwa vimeelekeana. Niliviwekea mkono. Vyote viwili vilikuwa na joto.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Shangazi hajaonekana hadi leo.

Tangu hapo, kila kunapokucha, nakuta vigae viwili vitupu kizingitini kwangu. Hakuna nyayo. Siwezi kuwanyima mara ya pili. Najaza makaa yangu yote, naingia ndani, nikirudi kutazama vimekwenda. Halafu nakaa na kuni mbichi, napuliza.

Emilian alivumilia mwezi mmoja, kisha akahamia kwa kaka yake huko Ulyankulu. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningehama mapema zaidi.

Juzi Magreth alikuwa anapita na kigae chake, anakwenda kuomba moto. Miaka yote huanzia kwangu. Alisimama, akanitazama machoni kwa muda mrefu. Nikamwambia karibu. Akainamisha kichwa, akaenda nyumba ya pili.

Niliingia ndani, nikakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Leo asubuhi nimefungua mlango, vigae vilikuwa vitatu. Cha tatu ni changu, kile chenye ufa. Jana jioni nilikifungia ndani ya sanduku, na ufunguo bado uko shingoni mwangu.