Kidole Gumba cha Kasiana

Ilianza kwa simu ya marehemu kujifungua yenyewe. Ilikuwa juu ya meza ya Domina, haijaguswa na mtu, kioo kikawaka na kufunguka, na duka lililozoea kunuka mbolea likanuka pamba na dawa ya maiti. Domina akaizima, akasema ni vumbi tu.

Alijua si vumbi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa simu ambazo wauzaji wa duka lile la pembejeo, Songea mjini, walizitumia kuchukua oda za wakulima. Kila simu ilifunguliwa kwa kidole gumba cha muuzaji wake, na kanuni ilitaka cha msimamizi nacho kisajiliwe. Kwa simu ya muuzaji mmoja, Kasiana, alipuuza, akamwambia bosi ameshasajili. Kasiana akafa ghafla kwa malaria, na bosi akaitaka simu ile ikiwa wazi. Uongo ukijulikana, kazi hana, na Domina aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

Basi akaenda msibani, kijijini Mpitimbi. Wakati wa kuaga mwili aliinama juu ya jeneza, mabega yakimtikisika, watu wakadhani analia. Kumbe alikuwa anaifungua rozari iliyozungushwa vidoleni mwa marehemu. Akakikandamiza kidole gumba kwenye simu, ikafunguka papo hapo. Waombolezaji walikuwa wanamsukuma kwa nyuma, akaitia rozari mkobani na kuondoka nayo. Mama wa Kasiana alimkumbatia, akamshukuru kwa kumlilia mwanawe. Domina hakuona hata haya.

Sasa simu ya marehemu ilijifungua kila Domina alipoipa kisogo, na kidole chake mwenyewe kikakataliwa, kwanza na simu yake, kisha na za wauzaji wote, moja baada ya nyingine, zikitetemeka mkononi mwake kana kwamba zinamwogopa, huku kidole kikizidi kuwa cha baridi na harufu ya pamba ikimfuata hadi kanisani, hadi kwenye sahani ya ugali, hadi kitandani kwa mumewe, aliyehamia chumba kingine.

Akaenda kwa Remmy, fundi simu. Remmy alikijaribu kidole, akacheka kidogo. "Dada, simu haikioni. Kama cha maiti."

"Cha maiti hakifungui?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakifungui. Inataka kidole cha mtu aliye hai."

"Na kama kilifungua?"

Remmy aliacha kucheka. Akamrudishia simu bila kugusa mkono wake. "Basi alibonyeza mwenyewe, dada. Alikuwa bado yupo."

Domina alikimbilia kwa mzee Bartolomeo, katekista wa Mpitimbi, akamwamkia shikamoo na kuungama yote. Mzee alimsikiliza uso umemkunjamana, akampeleka kaburini. Waliifukia rozari kichwani pa kaburi, wakasali. Kidole kikapata joto. Domina alilia machozi ya kweli, ya furaha, maana kazi yake imepona.

Kesho yake simu zote za dukani zilimkubali. Alikuwa bado anatabasamu wakati simu ya marehemu ilipoita. Aliyepiga alikuwa mama wa Kasiana, anataka kumshukuru tena msimamizi aliyemlilia mwanawe.

Domina akasema haloo. Upande wa pili mama yule akanong'ona, "Kasiana?"

Domina alitaka kukana. Alijitahidi hadi jasho likamtoka, huku pamba ikimjaa puani. Mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Abee, mama."