Feni Iliyobaki Upande Huu

Jioni ile nilitoka kwa jambo dogo tu: kwenda kwa fundi kuichukua laptop yangu niliyoiacha asubuhi. Mama mkwe alikuwa kitini karibu na dirisha, akihema kwa shida kama alivyohema wiki nzima.

"Wahi kurudi, A-Lan," akaniambia. "Huu ni mwezi wa saba, wafu wanarudi kutembea. Giza likiingia, ukiguswa bega usigeuke."

"Mama, mtaa huu wa Sham Shui Po watu wanagusana mabega kutwa. Nisipogeuka si nitaibiwa mkoba?"

Alicheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Nampenda mama huyu. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mtaniona mjinga huko mbele. Mwanawe, Kin-tung, ndiye aliyenioa, na alinipiga tangu mwaka wa kwanza. Kila mara alipoinua mkono, mama alijitupa katikati. Mfupa wa bega lake la kulia ulivunjika kwa ngumi iliyokuwa inanijia mimi. Majirani walinipa methali. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, waliniambia, yaani nivumilie. Haya, nilivumilia, na zimwi likanila sikio. Kin-tung alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo ni sikio langu la kulia lililokufa. Mpaka leo ukininong'oneza upande huo, unaongea na ukuta.

Ugomvi wake mwingi ulianzia kwenye laptop. Alicheza michezo humo mpaka mashine ikapata joto, feni ikaanza kunguruma, naye akaanza kunguruma juu yake. "Zima hilo dude!" aliniambia mimi, wakati dude ni lake na kalipakata mwenyewe. Nikishayasikia maneno hayo nilijua kinachofuata. Mwaka jana alikufa hivyo hivyo, kitandani, moyo umesimama, mapaja yameungua, na feni bado inazunguka. Sikulia. Ndugu zake walitaka nirudi kwetu Yuen Long, nikakataa kumwacha mama peke yake.

Sasa ilikuwa zamu ya laptop yangu. Mimi nasafisha picha za harusi, nawafuta maharusi jasho na vipele, na mashine hufanya kazi nzito. Lakini tangu mwezi wa saba uanze ilikuwa balaa. Vuuuuu... asubuhi. Vuuuuu... mchana. Niliiinua kwa vigae vya mchezo wa mahjong ipate hewa. Niliiwekea chini mfuko wa vibonge vya samaki kutoka kwenye friza. Vibonge vikayeyuka, kelele ikabaki. Mama aliziba masikio kwa mto na kulia. Kitu kimoja tu kilinishangaza: jirani yetu, anayegonga ukuta hata mtu akipiga chafya, hakugonga hata siku moja.

Pale chini ya jengo letu, Shangazi Ngan alikuwa anawasha debe lake kando ya barabara. Huyu anauza vitu vya karatasi vya kuwachomea wafu: nguo, viatu, nyumba, simu. Ukichoma kwa adabu, marehemu anapokea huko aliko.

"Mama mkwe wako haonekani siku hizi," alisema.

"Hewa imekuwa shida kwake, Shangazi."

Alitaka kusema neno, nikawa nimeshapita.

Kwa fundi Szeto kulikuwa na foleni ya wagonjwa wa aina yangu. Msichana mmoja alikuwa akilalamika kwamba yake inanguruma kama ndege inayotaka kupaa. Mzee mmoja aliiweka yake kwenye jokofu, ikatoka imelowa.

"Mzee, ile ni laptop, si tofu," Szeto alimwambia. "Na wewe dada, ukiilaza kitandani inapumulia wapi? Ungefunikwa mto usoni wewe ungenyamaza?"

Aliponiona mimi, kicheko kilimkauka kidogo. Akaniletea kitu kwenye kiganja. Kilikuwa feni, ndogo kama biskuti, imejaa vumbi na nywele, mapanga yake mawili yamevunjika.

"Dada Lan, ulikuwa unanitania?"

"Kwa nini?"

"Umesema inapiga kelele. Feni hii imekufa siku nyingi. Tazama, waya umeungua. Haiwezi kupiga hata mluzi."

"Jana imenguruma mpaka mama hakulala!"

"Basi kuna kingine kinachonguruma kwenu." Akacheka. "Nimeagiza feni mpya, itafika. Kwa sasa ichukue hivi hivi, lakini usiiwashe."

Nilirudi nikijiambia kwamba Szeto ni mpiga porojo. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi. Laptop ilikuwa mkobani, imezimwa, haina feni.

Nilipofika kwenye ujia wa nyumba yetu, nikaisikia.

Vuuuuu...

Nikasimama. Nikachukua kidole, nikaziba sikio langu la kushoto, lile zima. Redio ya jirani ikapotea. Mvumo wa magari ukapotea. Dunia yote ikazimika.

Vuuuuu...

Ilikuwa inaingia kwa sikio lililokufa.

Nilifungua mlango na joto likanipiga usoni. Kulikuwa na harufu ya karatasi iliyoungua, na ya nywele, na chini yake ile harufu ya jasho la Kin-tung ambayo nilifua mashuka kwa siki ili niiondoe. Mama alikuwa bado kitini. Kichwa chake kilikuwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, na pumzi ilikuwa inatoka... inatoka... inatoka tu. Hairudi. Kifua kilibonyea mpaka mbavu zikahesabika juu ya nguo. Pazia la dirishani lilikuwa linavutwa kuelekea kitandani.

Na godoro lilikuwa limebonyea. Mtu ameketi pale. Mtu amepakata kitu.

"Mwache," nikasema.

Kofi lilinipata shavu la kulia. Nilirushwa mpaka kwenye kabati, vyombo vikanimwagikia, nikaonja damu. Nilimjua kwa kofi lile. Kuna watu unawajua kwa sauti, mimi yule namjua kwa uzito wa mkono.

Hofu ilikuwepo, sikatai, lakini hasira iliiwahi. "Hata kufa hujui kufa!" nilipiga kelele. Nikanyakua karai la chuma lenye mpini na kulishusha juu ya lile bonde la godoro kwa nguvu zangu zote. Karai likagonga kitu kigumu, likawaka moto mikononi mwangu, na ngozi ya viganja ikabaki kwenye mpini. Birika likaruka likapasukia ukutani. Kioo cha dirisha kikapasuka. Kitu kikanishika nywele na kunigongesha sakafuni, mara moja, tena, tena, kama anayevunja nazi. Lakini kila aliponishughulikia mimi, mama alipata kuvuta pumzi kidogo. Nikaliona hilo. Nikamng'ata. Sijui niling'ata nini, kilikuwa kikavu na kina ladha ya majivu.

"A-Lan..." Mama alikuwa ananong'ona. "Mpe... feni yake."

"Feni gani, Mama?"

"Nilimchomea... laptop ya karatasi. Nilimwonea huruma, alikwenda bila... Mvua ilikuwa kubwa. Nikachomea jikoni. Moshi ukazidi... nikamwagia chai."

"Ukamwita humu ndani?"

"Nilimwita mlangoni. Aje apokee."

Akanyoosha kidole chini ya sinki, kisha pumzi ikaanza kuvutwa tena.

Nilitambaa. Kopo la biskuti lilikuwa nyuma ya ndoo. Ndani yake kulikuwa na majivu, na nusu ya laptop ya karatasi, ile nusu ya chini, ina vitufe vilivyochorwa na ubavuni kaduara ka feni kalikopakwa rangi ya fedha. Nusu ya juu ilikuwa imekwenda. Mtu yule alikuwa amepokea kioo na moto, akakosa upepo, na upepo uliokuwa karibu ulikuwa kifuani kwa mama yake.

Nilikumbatia kopo na kutoka. Kwenye ngazi nilisukumwa mgongoni, nikaporomoka ngazi nzima kwa mbavu, lakini kopo sikuliachia. Kule chini mlango wa barabara ulikuwa wazi. Kituo cha treni si mbali. Ningeweza kukimbia moja kwa moja mpaka Yuen Long, na wala nisingelaumiwa na mtu. Niliwaza hivyo, ndiyo. Kisha nikakumbuka bega la mama lililounga vibaya.

Shangazi Ngan alikuwa amesimama na debe lake, moto umekolea. Aliona damu, akaona kopo, hakuhitaji hadithi ndefu.

"Ilichomewa wapi?"

"Jikoni. Mama akamwita mlangoni, kisha ikazimwa katikati."

"Mungu wangu! Ukimwita maiti mlangoni anaingia. Ukimpa kitu nusu, nusu nyingine anaifuata." Alinivuta karibu na debe, akasimama kuliani kwangu. Ule mvumo ulikuwa umejaa sikio lile mpaka meno yakauma. "Tupa humo. Mwite jina lake lote, umwambie apokee..."

Midomo yake iliendelea kutikisika. Niliona inatikisika. Sikusikia kitu.

Juu kule, kwenye dirisha letu lililopasuka, mkono wa mama ulionekana, ukalegea.

Nikatupa karatasi motoni. Jina lile nilikuwa nimeapa kwamba halitapita tena mdomoni mwangu. Likapita.

"Cheung Kin-tung! Pokea!"

Karatasi ikashika. Kile kiduara cha fedha kikainuka katikati ya ndimi za moto, kikaanza kuzunguka. Taratibu... kisha kwa kasi. Moto wote ukalala upande mmoja. Nguo za karatasi dukani zikapeperuka.

Halafu mvumo ukakatika.

Kimya. Nililia pale pale kwa furaha, makamasi na damu pamoja, sina aibu.

Na mtu akanigusa bega la kulia.

"Usigeuke," Shangazi Ngan akasema. Alikuwa anatazama nyuma yangu, na uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kama mchele. Sikugeuka. Joto likanipita, likanilamba shingo, na nikamwona Shangazi akilifuata kwa macho. Hakulifuata kuelekea barabarani. Alilifuata kuelekea mlango wa jengo letu.

"Ulimwambia aende wapi?" akaniuliza.

"Si umesema nimwambie apokee?"

"Apokee, kisha aende zake! Nimekuambia mara mbili, mwanangu!"

Alikuwa amesimama kuliani kwangu. Alikuwa ameliambia sikio aliloliua yeye mwenyewe Kin-tung.

Nilipanda zile ngazi nimeshikilia mbavu zilizoumia. Nilimkuta mama ameketi wima. Alikuwa anapumua vizuri, nikamkumbatia, nikamwomba radhi sijui kwa nini. Mwili ulikuwa na joto kidogo, nikasema ni homa. Akaomba uji. Nikampikia uji wa wali na tangawizi katikati ya vigae vya vyombo, nikampa na kijiko.

Akakipokea kwa mkono wa kushoto.

Alikula. Nilisogeza sikio langu la kulia karibu na kifua chake. Vuuu... laini kabisa, kama mashine mpya.

Bakuli lilipoisha alitazama mezani, ambapo laptop yangu ilikuwa imelala, imezimwa, haina feni wala uhai. Joto lilikuwa linampanda shingoni, nililiona kwa rangi.

"A-Lan," akasema. "Zima hilo dude."

Mkono wa kushoto ulikunja ngumi, ukainuka. Na hapo ndipo mkono wa kulia, ule mkavu wenye bega lililounga vibaya, ukaruka na kuukamata kwa kiganja, ukaukandamiza mapajani, ukaupakata kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtoka mama jicho moja tu.

Bado anajitupa katikati.

Watawa wa hekaluni wamekuja na kengele zao kumfukuza, wakashindwa, wakaondoka. Shangazi Ngan haniuzii tena kitu wala hanitazami machoni. Szeto aliniletea feni mpya, nikamwambia arudi nayo. Ndugu wananiambia nihame, na wanaponiambia hivyo natazama ule mkono wa kulia.

Mradi asipate joto, hakuna neno. Kwa hiyo nampepea. Nimenunua pepeo la majani, naketi mbele yake tangu jua linapozama, na nampepea polepole mpaka ile sauti itulie. Mkono ukichoka, nabadilisha mkono.