Jina Nililoandika Siku ya Kura za Wezi

Nina miaka arobaini na sita. Nilizaliwa Korogwe, nikasoma hadi kidato cha nne, na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Kila ninakofika nakumbuka nilikotoka, na nikirudi nilikotoka nakuta hapanitoshi tena...

Tunduma nilifika nikiwa kijana. Basi hadi Dar es Salaam, siku tatu za kungoja tiketi, halafu siku mbili kwenye behewa la daraja la tatu, kichwa cha cherehani nimekipakata kama mtoto mchanga. Nilishuka baridi inauma hadi kwenye meno. Nilidhani napita tu kwenda Zambia. Nilikaa miaka kumi na mmoja!

Aliyenikalisha ni Esta, Mnamwanga wa pale pale, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Tulioana, tukapanga chumba chenye varanda, tukawa tunashona sare na vitenge. Nilimnunulia cherehani yake mwenyewe. Siku tamu zile, ndugu zangu...

Mtaa ulikua haraka. Malori yalipanga foleni mpakani, wageni wakamiminika, na wezi nao. Ikafika mahali mtu haaniki nguo bila kukaa kando yake. Wavunjaji walikuja na jiwe kubwa wanaloliita Fatuma. Wakilirusha mara moja tu, mlango chini!

Jumapili moja nilikwenda kanisani peke yangu, Esta ana homa. Niliporudi, mlango umelala chini, watu wamejaa. Cherehani zote mbili hazipo. Esta ameegemea ukuta, mkono wa kulia umefungwa khanga iliyolowa damu. Aling'ang'ania cherehani yake, wakamkata panga. Vidole vitatu vilikwenda! Walikuwa wamefunika nyuso.

Sikulia. Nilitaka damu tu.

Jirani yetu Lazaro alivusha mizigo mpakani kwa baiskeli. Kabla yangu aliwahi kumposa Esta, akakataliwa. Kila akinipita alipaza sauti, "Mtu wa Tanga, wewe ni abiria tu! Siku ukipanda treni, niachie ufunguo!" Watu walicheka. Na mimi nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nameza moto.

Rafiki yangu Fredi, kinyozi wa pembeni mwa varanda yetu, alikuja kunifariji kila siku. "Pole, mukwai," alisema, kwa heshima ya watu wa mpakani. "Lakini huyo anayekucheka kila siku, unadhani anacheka nini?"

Neno hilo liliniingia kama sindano. Ushahidi? Niliuhitaji wa nini?

Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa mtaa akaitisha kura za siri. Kila mkazi hupewa kikaratasi, huandika jina la anayemshuku kuwa mwizi, hukitumbukiza kwenye ndoo. Anayeongoza hufukuzwa mtaani. Wasiojua kuandika humnong'oneza mtu mmoja anayeaminika, naye huwaandikia. Mwenyekiti akanigeukia: "Fundi, wewe umesoma, tena umeumizwa. Waandikie wazee."

Nikakaa kwenye kigoda nyuma ya ofisi. Wa kwanza alikuwa Bibi Sikazwe, muuza karanga. Aliinama sikioni kwangu. "Andika Fredi, mwanangu. Nilimwona Jumapili ile kwa macho haya, anatoka kwako na gunia begani."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Niseme nichinjwe? Si ndiyo maana kuna karatasi!"

Nikaandika Lazaro.

Wa pili akasema Fredi. Nikaandika Lazaro. Wa tatu vivyo hivyo... Walifika tisa waliomtaja Fredi. Nilijiambia vikongwe hawa macho yamekufa. Ukweli ni kwamba sikutaka wawe sahihi. Adui wangu nilikuwa naye tayari! Na nawaambia bila kuficha, nilisikia raha kama mwenye kiu anayekunywa maji ya mtungini.

Lazaro aliongoza. Sungusungu walimchapa hadharani, wakamvunja goti kwa rungu, wakang'oa mabati ya nyumba ya mama yake. Aliniita mimi! "Fundi, waambie! Nilikuwa nakutania tu, kaka!"

Nilimtazama machoni, nikatema mate.

Walipakiwa kwenye mkokoteni, yeye na mama yake, kwenda kwa ndugu zao Msangano. Mama yule alinitazama hadi mwisho wa njia. "Nimemwomba Mungu asikuue haraka," alikuwa amesema akipanda.

Mwezi haukuisha, milango ikaanza kuanguka tena. Fredi akanaswa mchana kweupe akivusha kichwa cha cherehani kwenye shuka la kinyozi. Kilikuwa cha Esta! Nilikimbia na panga, nikakuta polisi wamenitangulia. Rafiki aliyeninyolea ndevu, akanipa pole, akanionyesha mtu wa kumchukia... Hata leo nikimkumbuka, kiganja changu kinawasha.

Basi wale bibi wakakutana bombani. "Mimi nilimtaja Fredi." "Hata mimi." "Na mimi!" Sasa mbona mwenyekiti alisoma Fredi kura mbili tu?

Bibi Sikazwe akaja varandani. Hakupiga kelele. "Mwanangu, nilikupa jina, ukanipa dhambi."

Esta aliuliza swali moja tu: "Uliandika kwa ajili ya vidole vyangu, au kwa sababu Lazaro aliwahi kunitaka?"

Akaingia ndani, akafunga.

Kura zikaitishwa tena. Safari hii wazee waliandikiwa na Esta, kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Jina lililoongoza lilikuwa langu.

Hakuna aliyenichapa. Nilipewa hadi jua kuzama. Nilidandia lori la mahindi nikiwa na begi moja, na Esta hakutoka kuniaga. Sijarudi Tunduma, na sitarudi.

Wasomaji wenzangu, mwizi aliniibia cherehani na vidole vya mke wangu. Lazaro hakuniibia kitu. Mimi ndiye niliyemwibia mguu, nyumba na jina. Mkiumizwa, msikimbilie kumchagua mtu mnayemchukia tangu zamani. Na asiyejua kuandika akikuinamia sikioni, mpenzi msomaji, nakusihi... andika alichosema!