Chukua Ubavu, Acha Tumbo

Huyu fundi matofali alikuwa mjomba wa jirani yangu, na jirani yangu si mtu wa kutia chumvi. Asubuhi ile fundi alisukuma toroli lake kama siku zote mpaka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya shamba. Kwa wafyatua matofali, udongo wa kichuguu hauna mfano. Mchwa huupandisha kutoka chini kabisa, punje kwa punje, ukawa laini na wa kunata, na tofali lake halipasuki. Hata majani yanayokizunguka hubaki mabichi kwingine kote kukikauka.

Fundi alikuwa na haraka. Binti yake wa pekee alikuwa amerudishwa na mumewe baada ya miaka saba bila mtoto, na masimango ya mawifi yalimkondesha akabaki mifupa. Baba alitaka kumjengea chumba chake mwenyewe kabla ya mvua.

Sasa, wafyatua matofali wana mwiko mmoja: chukua ubavu, acha tumbo. Malkia hukaa tumboni mwa kichuguu; akibaki, mchwa watajenga upya. Mkewe alimkumbusha.

"Mzee, tumbo usiliguse."

"Kwani mvua itanisubiri mimi?"

Alichimba mpaka chini. Malkia alikuwa mnene kuliko kidole gumba, mweupe, tumbo likipanda na kushuka. Fundi alimtupa juani, kuku wakammaliza.

Nyumba ikasimama, chumba kimoja na dirisha moja. Binti alicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi, na fundi akajiona mwanamume.

Wiki ya pili kuta zilianza kutoa jasho, ingawa kilikuwa kiangazi. Wiki ya tatu binti hakutoka kitandani. Alinenepa, hasa tumbo. Mama yake alifurahi, kisha akahesabu miezi tangu binti atoke kwa mumewe, akaingia kumuuliza.

"Mwanangu, unakula nini humu?"

"Wananilisha, mama," alinong'ona. "Hawachoki."

Siku ya tatu baada ya hapo, saa sita mchana, fundi alimpelekea uji. Mlango haukuwepo. Palipokuwa na mlango palikuwa na udongo mbichi, umesawazishwa vizuri. Dirisha vilevile. Aliweka sikio ukutani. Ndani kulikuwa na vitu vinatembea, vingi.

Akakimbilia sururu. Akapiga. Tofali liling'oka, nyuma yake udongo. Akapiga tena. Udongo. Alikuwa analia sasa, mtu mzima na ndevu zake.

"Toka, mwanangu! Baba yako nimekosa!"

Sauti ilijibu kutoka chini, taratibu.

"Baba, usinitoe. Watoto wangu ni wengi. Utawaumiza."

Sururu ilimponyoka.

Majirani walibomoa ukuta ule siku hiyohiyo. Chumba kilikuwa kimejaa udongo mpaka kwenye bati. Walipofukua walikuta kitanda kitupu, na chini yake shimo la upana wa mtu. Waliteremsha kamba ya kisima, haikugusa chini. Wakaliziba kwa mawe, wakaondoka bila kuagana.

Kesho yake mchana, ukuta walioubomoa ulikuwa umesimama tena, umesiribwa, haujakauka. Ulikuwa na michirizo ya vidole vya mwanamke, iliyopigwa kwa mkono wa kushoto. Mama aliitambua kwanza, maana mtoto wao alikuwa na shoto. Fundi hakuwa anaitazama hiyo. Alikuwa ameinama chini yake, penye alama za viganja vya vitoto vichanga, mamia, kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho.