Pumzi Nyuma ya Bawabu

Kazi ya siku hiyo ilikuwa ndogo, kama kazi zake zote. Bawabu alitakiwa afungue geti, amtazame mgeni toka juu hadi chini, anyamaze kidogo, kisha aseme, "Mwenye nyumba hayupo." Basi. Mtu aliyekula chumvi nyingi katika uigizaji kuliko umri wa mwongozaji wake, anaamka alfajiri kwenda kumwambia mtu kwamba mwenye nyumba hayupo. Alisema, na alisema vizuri, lakini fundi wa sauti akainua mkono akitaka warudie. Wakarudia. Akainua mkono tena.

Fundi huyo alikuwa binti yake mwenyewe, kitinda mimba wake, msichana asiyependa kumwaibisha baba yake mbele ya watu. Alivua hedifoni, akamvuta pembeni, nyuma ya rundo la nyaya.

"Baba," alinong'ona, "ukinyamaza, nani anapumua nyuma yako?"

Nyuma yake palikuwa na ubao uliochorwa ufanane na tofali. Bawabu alicheka, akamwambia hedifoni zake zimejaa vumbi. Hata hivyo hakugeuka kutazama ule ubao, na puani alisikia harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi, ingawa siku hiyo hapakuwa na mtu aliyepiga pasi.

Jina la Bawabu hakupewa na mama yake. Alipewa na watazamaji. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mlangoni: mlinzi, karani wa mapokezi, mzee wa geti, askari jela mwenye maneno mawili. Mastaa wakipita, yeye ndiye anayewafungulia. Sokoni watu walimwuliza kama mwenye nyumba yupo, wakaangua kicheko kana kwamba ndio kwanza utani huo umezaliwa. Hata marehemu mkewe, akiwa na hasira naye, alimwita Bawabu. Kilichompa ulaji ni sauti. Ilikuwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa, na mtu akiisikia husimama kabla hajajua kwa nini amesimama.

Lakini kazi aliyoithamini haikuwa hiyo. Miaka mingi nyuma, katika studio moja ambayo siku hizi ni ghala, walikuwa wakirekodi tukio la umati. Mlango ulifungwa kwa kufuli kutoka nje ili kelele za barabarani zisiingie, kama ilivyokuwa desturi ya studio zote, na mwenye funguo akaenda kunywa chai. Taa ikaliwasha pazia moto. Wengi walitoka kupitia kidirisha cha juu. Mabinti wawili waliokuja kujaza umati hawakukifikia. Walimkimbilia Bawabu, mzee waliyemwona amesimama mlangoni na sare ya mlinzi, na shada la funguo kiunoni, wakamshika mikono wakisema, "Mzee, fungua." Funguo zile zilikuwa za plastiki. Mlango ulipovunjwa, aliyetoka hai ni yeye peke yake.

Tangu hapo alidai jambo moja tu: mlango usifungwe kwa kufuli maadamu kuna mtu ndani. Jambo dogo, mtoto wa chekechea angelielewa. Alibeba mabango, alilala mahabusu, alizunguka ofisini mpaka walinzi halisi wakamzoea. Kila mkubwa alimkaribisha kwa furaha, akapiga naye picha, akamwomba aseme ile ya getini, kisha akamwambia suala lake litafanyiwa kazi. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Sasa hatimaye kamati ya wakubwa ilikuwa imemwita aje kuzungumza mbele yake, na baada ya hapo kamati ingevunjwa. Asiposikilizwa safari hii, hatasikilizwa tena.

Ndipo maneno yakaanza kumgomea. Alikuwa akifanyia mazoezi hotuba yake jikoni, mchana kweupe, binti akimenya vitunguu. Alifika pale pa kusema mlango uachwe wazi, na mdomo wake ukasema, "Hakuna atokaye." Alirudia kwa uangalifu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Hakuna atokaye." Binti aliacha kisu. Bawabu alipiga meza kwa ghadhabu, akanywa maji, akaanza upya, na mlango wa jikoni ukajifunga taratibu nyuma yao, kitasa kikazunguka chenyewe, na harufu ya nguo iliyoungua ikajaa mpaka vitunguu havikunukia tena.

"Nayajua maneno haya," alisema Bawabu. "Ni ya mchezo wa zamani."

Walikwenda kwa Mama Sindano. Huyu alikuwa mvalishaji wa kundi lao la kwanza, bibi kizee ambaye bado alitunza mavazi yote ya jukwaani katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya ukumbi wa zamani. Katika kundi lile palikuwa na desturi. Mchezo ukiisha, mvalishaji humvua mwigizaji vazi, humwita jina alilopewa na mama yake, na mwigizaji hujibu, "Nimerudi." Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mlango kabla hajaitwa. Vijana waliona ni ushamba, ila waliitika.

Mama Sindano alimsikiliza binti akieleza, kisha akamgeukia baba mtu na kumkumbusha yale ambayo hakupenda kukumbushwa. Ujanani Bawabu aliigiza jini la mlangoni, jini linalofungia watu na kukataa kuwatoa. Usiku wa mwisho wa mchezo alitoa hotuba kabla ya pazia kufungwa, akidai mtunzi wao aliyekamatwa aachiwe. Polisi hawakungoja tamati. Walimbeba na joho lake na masizi usoni, wakamtupa mahabusu. Humo ndani, badala ya kunyamaza, aliwatisha askari kwa sauti ya jini usiku kucha, mpaka wakafungua kufuli wenyewe na kumwambia aende. Asubuhi Mama Sindano alimkuta barabarani akataka kumwita jina lake. Alivua joho mwenyewe, akamtupia, akamjibu kwamba ana mkutano, hana muda wa mambo ya kitoto.

"Uliipenda ile sauti," alisema Mama Sindano. "Nikakuona unaondoka nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyeishona hiyo nguo."

Kila geti Bawabu alilofungua katika maisha yake ya kazi, alifunguliwa na sauti hiyo. Kilichomuuma ni kwamba hata siku mabinti wale walipomshika mikono, aliita nje kwa nguvu zake zote wafungue, na watu waliokuwa nje walisema baadaye kwamba walisikia mtu akiwaamuru wakae mbali. Siku zote alidhani walisema uongo.

Mama Sindano alitoa joho sandukuni, akamvisha, akamsimamisha katikati ya nguo zilizotundikwa. Akaanza kulifungua kifungo kwa kifungo, akimwita jina lake, jina ambalo binti alikuwa amelisikia kwenye mazishi ya mama yake tu. Jibu lilikuja haraka, zito, tamu. "Nimerudi." Lakini midomo ya Bawabu ilikuwa imefumbwa, na jibu lilitoka nyuma, kati ya makanzu na makoti yaliyoanza kuyumba bila upepo, moja likigusa jingine, mpaka safu nzima ikawa inapumua, ikivuta na kuachia, huku taa ya dari ikififia na mlango ukigongagonga kwenye fremu yake kama unaojaribu kujifunga zaidi ya ulivyofungwa, na binti akajikunja sakafuni akiwa amezikumbatia hedifoni zake, akimwomba Mungu kwa maneno yasiyopangika.

"Sikukuita wewe," Mama Sindano alisema, na hakupandisha sauti. "Namwita mtoto wa watu."

Akaita tena na tena, mpaka sauti yake mwenyewe ikakauka. Mwisho kabisa kikatoka kikohozi, halafu neno dogo, la mkwaruzo, la mzee wa kawaida mwenye kifua kibovu. "Nimerudi." Joho likaanguka. Nguo zikatulia, ile harufu ikaondoka, na binti alipovaa hedifoni na kumwelekezea baba yake kinasa sauti, alisikia pumzi za mtu mmoja tu. Alilia kwa furaha, na Bawabu akalia pia, kwa ile sauti ndogo isiyomtisha hata paka.

Na sauti hiyo ndiyo aliyokwenda nayo mbele ya kamati.

Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, chupa za maji na viti vizito. Binti alikaa kwenye kona akirekodi kwa ajili ya chama chao cha waigizaji. Bawabu alisimama, akaeleza habari za kufuli, pazia na mabinti. Alisema yote, hakuna neno lililomgomea. Ila yalikuwa yakitoka kama maji ya bomba lililoziba. Mjumbe mmoja alimwomba aongeze sauti. Mwingine alitazama simu yake. Mwenyekiti, mtu mchangamfu, aliegemea kiti akatabasamu.

"Mzee, leo mbona mnyonge hivyo? Hebu tupe ile yetu ya getini, tuamke kidogo."

Wakacheka wote, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Bawabu alijaribu kuendelea. Alifika kwa wale mabinti, na mwenyekiti akatazama saa, akamshukuru sana kwa mchango wake katika sanaa, akasema suala lake litafanyiwa kazi. Bawabu aliyajua maneno hayo vizuri. Aliyajua kama anavyoujua mlango unaofungwa.

Hasira zilimpanda mpaka macho yakaona giza. Miaka yote wamesikiliza jini, na siku mtu amekuja mwenyewe, hawana nafasi. Aliinamisha kichwa kuelekea ukutani. Kile alichosema hakuna aliyekisikia ila binti, kupitia kinasa sauti.

"Njoo. Yaseme yangu yote, mpaka mwisho. Mimi nitakaa nyuma."

Binti alisimama kumzuia, lakini harufu ya nguo iliyoungua ilikuwa imekwisha kuingia, na baba yake alikuwa amekwisha kunyooka, mrefu kuliko alivyopata kuwa, na sauti iliyotoka ilitetemesha chupa mezani, ikieleza habari zile zile za kufuli na pazia, neno kwa neno, lakini safari hii mwenyekiti alishika shingo yake kana kwamba moshi umemwingia, wajumbe wakageuka kutazama milango na kuikuta imefungwa, na vitasa havikuzunguka, na wengine wakapiga magoti wakiomba wafunguliwe, na sauti haikuharakisha, haikupunguza, ilikwenda mpaka neno la mwisho la hotuba ya mzee huyo, kama ilivyoombwa. Milango ikaachia. Kanuni ilipitishwa kabla hawajatoka ukumbini, na hakuna aliyepinga.

Sasa studio zote zinafanya kazi bila kufuli. Kelele za barabarani zinaingia, mafundi wa sauti wananung'unika, na watu wakitaka kutoka wanatoka. Bawabu anasifiwa kila mahali. Nyumbani anakula vizuri, anatabasamu, na hakohoi tena. Mama Sindano aliletwa, akamwita jina lake, na yeye akajibu papo hapo, kwa sauti nzito na tamu, kwamba amerudi. Bibi kizee alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaomba arudishwe kwake, na tangu siku hiyo akiulizwa habari za mtu huyo hubadilisha mazungumzo.

Mwongozaji alimrudisha kazini kumalizia lile tukio la geti. Alifungua, akamtazama mgeni, akanyamaza kidogo. Katika kimya hicho binti alisikia hedifoni mwake, nyuma sana, kikohozi cha kifua kibovu, kisha mkono ukigonga polepole, kisha mkwaruzo aliokuwa akiutafuta kila siku.

"Mwanangu, fungua."

Mbele ya kamera yule mzee alitabasamu, akasema kwamba mwenye nyumba hayupo. Mwongozaji alifurahi, akasema wamepata, waende tukio linalofuata. Binti alikuwa bado ameinua mkono.