Kreti Mbili za Soda

Nina miaka hamsini na nane, naishi Kibenga, na mume wangu ni mzee wa kanisa. Nayaandika haya bila machozi... Yalishakauka, au labda hayakuwahi kutoka. Sijui.

Hapa Bujumbura maharusi huchagua wasimamizi, na baada ya harusi kila ugomvi wa nyumbani hupitia kwao kwanza. Mimi na mume wangu tumesimamia ndoa kumi na moja. Picha zote ziko ukutani sebuleni. Hakuna hata ndoa moja iliyovunjika! Wageni wakija niliwaonyesha moja moja, na niliona raha kweli.

Ya tisa ilikuwa ya Neema, binti aliyetoka Uvira, na Desire, mtunza ghala huko Zone Industrielle, kwenye viwanda. Kijana mpole, akiomba kanisani watu wanalia.

Mwaka jana kanisa letu lilifungua chumba nyuma ya ofisi ya mchungaji, chenye vitanda viwili, kwa ajili ya wanawake wanaopigwa. Tulifundishwa siku tatu. Sheria ya kwanza: mume asiambiwe mke alipo. Tukaweka sahihi. Ufunguo nikapewa mimi.

Neema alikuja asubuhi moja, mdomo umevimba, kila mguu na kiatu cha aina yake.

"Mama, mi sirudi tena. Ule mutu ataniua."

Nikampa chai, nikamlaza. Kisha nikatoka nje, nikampigia Desire simu.

Mnaniuliza kwa nini? Niliwaza ile picha. Niliwaza akina mama wa kwaya watasema nini... Basi, ni hilo tu.

Saa kumi jioni Desire alifika na kreti mbili za soda, kama ilivyo desturi ya mwanamume anayekuja kuomba mke wake arudi. Akapiga magoti. Mchungaji alikuwa safarini, nikamwita mume wangu, tukaimba, tukanywa. Neema alishika chupa yake bila kuionja. Akaniuliza kwa macho: amejuaje niko hapa? Nami nikainua mabega. Nikainua mabega, wasomaji! Kisha nikamfunga kitenge vizuri na kumsindikiza hadi kwenye teksi.

Siku nne baadaye nilimkuta hospitalini. Desire alimpiga kwa pasi upande wa kushoto wa kichwa.

Sasa Desire yuko gerezani. Kanisa lilininyang'anya ufunguo kwa kumwachia Neema aondoke na mumewe, na halikukosea, ingawa habari ya simu halikuijua. Siku hizi anao Neema mwenyewe, ndiye anayewapokea wanawake. Zile kreti nilizibeba nyumbani jioni ile, na bado ziko jikoni kwangu, hakuna aliyekuja kuzichukua.

Jumapili moja baada ya ibada nilikaa kando yake nikamwambia yote. Simu, picha, mabega. Niliongea kwa muda mrefu. Yeye alikuwa akitazama watu wanaotoka. Mwishowe akageuka.

"Mama, ulikuwa unasema? Kuya upande ingine. Hii sikio haisikiake tena."

Nikahamia upande wa kulia. Nikafungua mdomo... nikamuuliza kama ameshakula!

Ndugu zangu, binti aliyepigwa akikukimbilia, funga mlango ukae naye. Usimwite mume wake. Usinywe soda yake. Heshima yako ya usimamizi haifai kitu, nakuomba sana, iache ivunjike.

Na wewe Neema, ukisoma haya: ni mimi niliyempigia simu.