Barua Iliyofutwa Pamoja na Taka

Kila alipotoka shule, Ummy alikuwa na kazi moja kabla ya kugusa chakula. Alinawa mikono kwa sabuni, akamsaidia bibi yake kulala chali kwenye jamvi la barazani, kisha akamtilia dawa ya matone katika jicho la kushoto. Jicho la kulia halikuhitaji dawa tena. Lilikuwa limeshakufa, na Bibi mwenyewe hakupenda watu wazungukezunguke katika kulisema.

"Hilo liacheni lipumzike," alisema. "Tuhangaike na hili lililobaki."

Bibi Nyamizi alijulikana Ujiji nzima kwa kudarizi foronya za maharusi. Ugonjwa wake uliitwa presha ya macho. Haukumuuma hata kidogo, na hapo ndipo ulipomdanganya. Ulianza kumla uoni wa pembeni kimyakimya, na alipokwenda hospitali jicho moja lilikuwa limekwisha. Muuguzi aliyempokea, Marcelina, alimweleza mama yake Ummy kwamba dawa ya matone peke yake haitatosha.

"Kuna madaktari bingwa wa macho watakuja kufanya upasuaji," alisema Marcelina. "Nafasi ni chache. Ofisi yao iko mbali na wao hupanga miadi kwa barua pepe tu. Mna anuani ya barua pepe?"

Mwasiti, mama yake Ummy, alimtazama binti yake. Yeye alikuwa akinunua samaki aina ya migebuka alfajiri mwaloni, wanakofikia wavuvi, na kuiuza sokoni Mwanga. Simu nzuri alikuwa nayo, lakini kusoma alisoma kwa kuunganisha herufi polepole. Ummy, aliyekuwa darasa la saba, ndiye aliyekuwa msomaji wa simu nyumbani.

"Ipo, dada," Ummy alijibu, akaitaja herufi kwa herufi.

"Basi iangalieni kila siku," Marcelina alisisitiza. "Barua ikija, mjibu kwamba mtafika. Msipojibu, nafasi anapewa mwingine."

Jambo ambalo Ummy hakulisema siku hiyo ni kwamba anuani ile ilikuwa imeshaanza kuchafuka. Miezi michache nyuma, yeye na rafiki yake Scola, aliyekuwa akikaa Gungu, walikuwa wakitafuta michezo kwenye mtandao. Kila ukurasa waliofungua uliwaambia waandike anuani ya barua pepe wapate zawadi. Ummy hakuwa na anuani yake. Aliandika ya mama. Aliiandika hapa, akaiandika pale, mpaka akasahau ni wapi na wapi. Zawadi hazikuja. Zilikuja barua.

Mwanzoni zilikuwa chache, na Ummy alizifurahia kama mtu anayepokea wageni. Baadaye zikawa kero. Simu ililia asubuhi, ikalia wakati wa swala, ikalia mama akihesabu samaki mbele ya mteja. Hongera, umeshinda gari. Pata mkopo sasa hivi. Dawa ya kupunguza tumbo. Akaunti yako itafungwa, bonyeza hapa haraka. Nyingine ziliandikwa kwa lugha ambazo hakuna mtu wa mtaa wao aliyezijua.

"Hii simu imepagawa nini?" Mama aliuliza siku moja kwa hasira. "Nani hao wanaotuandikia mchana kutwa?"

"Ni matangazo tu, Mama," Ummy alijibu, macho yake yakiwa chini.

Alijaribu kuwanyamazisha mwenyewe. Alijibu barua mojawapo: "Tafadhali msinitumie tena." Kesho yake zikaja nyingi kuliko jana. Basi akajifunza njia ya mkato. Kila jioni alifungua kikasha, akagusa alama ya kuchagua zote, akafuta. Kikasha kikawa cheupe kwa muda, naye akajiona amefanya usafi. Siku za mwanzo alipitisha macho kwanza kutafuta barua ya hospitali. Baadaye alichoka. Vidole vikazoea, macho yakaacha kuangalia.

Jioni moja, Ummy akiosha vyombo uani, bodaboda ilisimama mlangoni. Alishuka Mzee Adolf wa Katubuka, ambaye aliandikishwa hospitalini siku moja na Bibi. Jicho lake moja lilifunikwa bandeji safi.

"Mwiriwe!" alisalimu kwa Kiha, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Nimekuja kumpa pole mgonjwa mwenzangu. Lakini mbona sikumwona hospitali? Nilisema labda amezidiwa."

Mama alitoka ndani akijifunga khanga. "Hospitali lini, Mzee?"

"Si madaktari walikuja! Kijana wangu aliletewa barua. Aliisoma mwenyewe kwenye simu, akajibu, nikaitwa. Wameshaondoka wale. Nyinyi hamkupata?"

Ummy alihisi sufuria ikimteleza mikononi. Bibi, aliyekuwa ameketi barazani, aligeuza uso wote kumtafuta aliyekuwa akisema, maana kwa kutupa jicho tu hakuweza tena.

Asubuhi Ummy hakwenda shule. Walikwenda wote watatu hospitalini. Marcelina alitafuta kwenye kompyuta yake, akasoma kwa muda, kisha akavua miwani.

"Mliandikiwa," alisema kwa upole. "Mkaandikiwa tena kukumbushwa. Hamkujibu, wakampa mtu mwingine. Sijui watarudi lini."

"Sisi hatukupata barua yoyote!" Mama alipaza sauti. "Mtoto anaangalia kila siku. Ummy, si unaangalia?"

Ummy alitaka kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na mtandao ungebeba lawama. Lakini Bibi alikuwa amemshika mkono, akimwamini tu kama alivyomwamini kila siku na ile chupa ya dawa.

"Nilizifuta, Mama," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuwa nafuta zote bila kusoma. Na hizo barua za ovyo ni mimi niliyezileta. Niliandika anuani yako kwenye mitandao ya zawadi."

Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alikaa kwenye benchi, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Ummy angependelea kupigwa.

Marcelina aliwashauri waende kwa mtu anayejua mambo hayo, waandike upya wakiomba nafasi. Mchana huo walimfuata Mwalimu Feliksi, aliyefundisha kompyuta shuleni kwa akina Ummy. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akaichukua simu.

"Kwanza hatufuti kitu," alisema. Akafungua sehemu ya barua zilizotupwa. "Barua iliyofutwa hukaa hapa kwa muda kabla ya kupotea kabisa."

Alishuka chini, akashuka tena, katikati ya magari ya uongo na mikopo ya uongo. Kisha akasimama. *Miadi ya upasuaji wa macho: Bi. Nyamizi.* Ummy alisoma jina la bibi yake pale kwenye takataka.

Mwalimu aliirudisha barua kikashani, akawasaidia kuandika jibu la kuomba radhi na kuomba nafasi nyingine. Akaihifadhi anuani ya hospitali miongoni mwa watu wanaofahamika, ili simu isiidhanie taka. Halafu akamwita Ummy akae karibu.

"Barua hii imetoka duka la kweli, na wewe ndiye uliyejiandikisha. Shuka chini kabisa. Unaona maneno haya madogo? Jiondoe. Bonyeza."

"Na hii ya gari, Mwalimu?"

"Hiyo usibonyeze chochote ndani yake, hata hilo neno la kujiondoa. Wala usiwajibu. Uliwajibu?"

"Niliwaomba waache."

"Ndipo wakajua kuna mtu anayesoma, wakaambiana. Matapeli wanatuma kwa anuani maelfu bila kujua ipi ina mwenyewe. Hawa unawaripoti. Gusa hapa, palipoandikwa barua taka. Ukifanya hivyo mara kwa mara, mtambo unajifunza kuwatenga. Lakini nao hukosea, kwa hiyo uwe unachungulia huko kwenye taka kama hakuna barua njema iliyotupwa kwa makosa. Na anuani ya nyumbani usiigawe ovyo. Mtandao ukikuomba, muulize mzazi kwanza."

Walifanya kazi ile mpaka mikono ikachoka. Katika wiki zilizofuata simu ilitulia kidogo kidogo. Haikunyamaza kabisa, lakini sasa barua zilikuwa chache kiasi cha mtu kuzisoma moja moja, na Ummy alizisoma.

Jibu la hospitali lilikuja: madaktari watarudi baada ya masika. Ilibidi kusubiri. Mvua zilinyesha ziwani na mjini, na jicho la Bibi halikuzisubiri. Alianza kumimina chai pembeni ya kikombe. Akajigonga kwenye mlango aliouzoea kwa miaka yote. Siku moja Ummy alimkuta amekunja kitambaa cha kudarizi na kukiweka ndani ya sanduku, pamoja na nyuzi zote.

Barua ya miadi ilipoingia, Ummy aliiona saa ileile. Alimsomea mama, wakajibu pamoja, kisha akamwomba mama aisome tena mwenyewe, polepole, wahakikishe siku. Bibi alifanyiwa upasuaji. Daktari alipoondoa bandeji alimpima kwa muda mrefu.

"Tumeuzuia ugonjwa usiendelee," aliwaambia. "Alichobaki nacho atabaki nacho. Kilichopotea hakirudi. Angekuja safari ile ya kwanza, angebaki na uoni mpana kuliko huu."

Bibi alishukuru kwa adabu. Sasa aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango: uso wa mtu mmoja, basi.

Kwenye korido Mama alimsimamisha Ummy. Ilikuwa mara ya kwanza kulizungumza jambo lile tangu lilipotokea.

"Mwanangu, kucheza si kosa. Lakini ulitoa kitu cha nyumba nzima bila kuuliza, na mambo yalipokuzidi ukanyamaza. Ungesema siku ile nilipokuuliza, tungemfuata Mwalimu mapema. Ukishindwa kitu, sema. Na usichokisoma, usikifute. Ulisema kweli mbele ya muuguzi, na ndiyo maana bibi yako bado ana hiki kidogo. Ungeficha, angekosa chote."

"Nimekuelewa, Mama."

"Haya. Mshike bibi yako."

Ummy alipita upande wa kulia wa Bibi, akamshika mkono, wakatoka getini. Bibi alinyanyua mguu kuvuka barabara. Ummy akamvuta nyuma kwa nguvu, na pikipiki ikapita mbele yao kwa kasi, karibu kiasi cha kuwapeperusha nguo.

Bibi hakuwa ameiona. Alisimama, akipumua kwa nguvu.

"Ipo nyingine?" aliuliza.

Ummy alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama tena.

"Ipo, Bibi. Tusubiri."